Maji yasiyokuwa ya tumbo: kisa cha mzee kutoka Kongwa

Alifika saa tatu usiku kwa Noah ya kukodi, kakalishwa katikati ya wanawe wawili kwa sababu kila walipojaribu kumlaza alianza kupigania pumzi. Ulikuwa mwezi wa 10, ule wakati ambao upepo wa Kongwa unabeba vumbi mpaka ndani ya glovu. Mzee wa miaka 67, mkulima wa mtama na alizeti kijiji kimoja ng'ambo ya Kibaigwa. Barua ya zahanati ilikuwa fupi: nimonia kali isiyosikia dawa, tumbo kujaa maji, tafadhali angalieni ini na TB. Alikuwa amechomwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, siku 5 na kumeza furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, siku 3.

"Shikamoo baba," nikamwambia. Akaitikia kwa sauti ya chini, kisha kwikwi ikamkatiza. Kwikwi hiyo haikumwacha usiku kucha, nami nakiri sikuipa uzito wowote mpaka majibu ya maabara yaliporudi.

Pumzi 32 kwa dakika. Oksijeni asilimia 86 kabla ya kuwekewa mashine. Presha 178 kwa 102, mapigo 104, joto 36.7. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Tumbo limejaa, hasa chini ya kitovu, na limekaza. Mapafuni, kwa stethoskopu, mlio wa maji pande zote mbili. Kwenye faili nikauliza habari ya mkojo kama tunavyouliza wote, kwa haraka, na mwanawe mkubwa akanijibu bila kusita: "Mkojo anao, daktari. Tena mwingi, unamtoka wenyewe." Nikaandika: anakojoa vizuri. Maneno mawili yaliyonigharimu karibu saa nzima.

Hospitali yetu ni ya wilaya. Chumba cha eksirei kilikuwa kimefungwa hadi asubuhi. Kilichokuwepo ni mashine ndogo ya altrasaundi ya wodi ya wazazi, yenye proba (kile kishikio kinachogusishwa mwilini) moja tu, ile iliyopinda ya tumbo, nayo ilikuwa imesetiwa kuangalia watoto tumboni. Hilo linaonekana dogo, lakini mpangilio wa wajawazito unalainisha picha ili uso wa mtoto upendeze, na ulainishaji huohuo unafuta alama tunazozitafuta kwenye mapafu. Kabla hujapima pafu, zima kila kinachosafisha picha. Pafu linasomwa kwa uchafu wake.

Nasema hivyo kwa sababu pafu lenye hewa halionekani kabisa kwa altrasaundi. Mawimbi yakigonga hewa yanarudi. Unachokiona chini ya ule mstari mweupe wa utando wa pafu ni uongo mtupu, mwangwi na vivuli, ila ni uongo wenye utaratibu wake. Pafu kavu linatoa mistari ya kulala, inayojirudia kwa umbali sawa na ule wa kutoka kwenye ngozi hadi kwenye utando. Hiyo ndiyo mistari A. Maji yakianza kujaa kwenye kuta za vifuko vya hewa, inatokea mistari ya kusimama, inayoanzia kwenye utando na kushuka kama miale ya tochi mpaka chini ya kioo, inafuta mistari A ikipita, na inacheza pamoja na pafu mgonjwa anapovuta pumzi. Hiyo ni mistari B. Mmoja au miwili kwenye nafasi ya mbavu si neno. Mitatu na kuendelea, hapo pana jambo. Daktari Daniel Lichtenstein wa Ufaransa amehangaika na mistari hii tangu miaka ya 1990, wakati wengi bado wanaamini pafu na altrasaundi havina undugu.

Kwa mzee huyu nilihesabu mitano, sita, na penginepo imeungana ikawa pazia jeupe. Kulia na kushoto, juu na chini, karibu sawasawa. Utando wenyewe ulikuwa mwembamba, laini, na unateleza vizuri. Chini, juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, palikuwa na maji meusi kidogo pande zote mbili, ya kulia kama sentimeta 3. Hakuna pale ambapo pafu lilikuwa limeganda na kufanana na ini.

Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichoiondoa nimonia ya kawaida kichwani mwangu. Nimonia ya bakteria hupenda upande mmoja au kona moja. Pafu linaganda, linafanana na nyama, na ndani yake unaona vidoti vyeupe vya hewa iliyonaswa kwenye njia za hewa, vinang'aa na kufifia kwa kila pumzi. Nimonia ya virusi, kama tulivyojifunza kwa shida mwaka 2020 na 2021, inaweza kuleta mistari B pande zote, lakini inakuja kwa mabaka: hapa imejaa, pale pazima, na utando umekwaruzika. TB iliyosambaa nayo inaweza kudanganya. Huyu alikuwa na mistari iliyotandazwa kama imepigwa na pampu ya rangi, utando laini, maji pande zote mbili, na hana homa. Hayo ni maji ya mwili yaliyokosa pa kwenda.

Hadi hapo nilikuwa sawa. Nikamchoma furosemaidi miligramu 80 kwenye mshipa, nikageukia moyo. Kwa proba ya tumbo moyo hauonekani kwa raha, ila kutokea chini ya kifua niliona unabana vizuri na hakuna maji ya maana kuuzunguka. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo ulikuwa na sentimeta 2.4 na hausinyai akivuta pumzi. Umejaa. Kwa hiyo moyo unasukuma, lakini bomba limefurika. Mafuriko yanatoka wapi?

Nikaweka proba chini ya kitovu. Kioo chote kikawa cheusi.

Barua ilishanitayarisha kuona maji ya tumbo, na macho yakatii barua. Nikaandika: maji mengi tumboni. Nikamwambia kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo kwamba hii huenda ni ini, presha ni bahati mbaya tu, na kwamba tukitoa lita mbili kwa sindano kiwambo kitashuka na mzee atapata nafuu ya kupumua. Sista akaandaa trei. Mwanawe mdogo akatia saini. Nilishaweka alama kwa peni upande wa kushoto, chini.

Kilichonizuia hakikuwa busara. Nilitaka kuandika kina cha maji kwenye mfuko wa Morison, ile nafasi kati ya ini na figo ya kulia, kwa sababu daktari wa kutwa hupenda kuuliza. Nikateleza proba hadi ubavuni kulia. Ini na figo vilikuwa vimegusana, hakuna hata uzi mweusi kati yake. Mtu mwenye bahari chini ya kitovu anakosaje hata tone pale?

Hapa sharti niseme kitu ambacho wenzangu wawili walinikumbusha baadaye, na ni haki. Mzee alikuwa amekaa, mgongo umeinuliwa. Maji ya tumbo huru yanafuata mteremko, na kwa mtu aliyekaa yataanza kukusanyika nyongani. Mfuko wa Morison unaweza kuwa mkavu. Kwa hiyo ukavu ule peke yake haukuwa ushahidi wa kumnyang'anya mtu sindano. Ulinitia shaka tu. Ushahidi ulikuwa sentimeta mbili chini yake, ndani ya figo.

Katikati ya figo ya kawaida pana weupe, mafuta na mishipa, umebanana kama tonge. Kwa huyu weupe huo ulikuwa umepasuliwa na weusi wenye matawi, kama glovu iliyojazwa maji: kiganja katikati, vidole vikielekea nje, vyote vimeungana. Nikawasha rangi ya mtiririko, inayoonyesha kitu kinachotembea kama damu. Hakuna kilichotembea ndani, kwa hiyo si mishipa ya damu. Nikaivuta picha huku na huku kuona kama matawi yanaungana kweli, kwa sababu vifuko vya maji kwenye figo hukaa kila kimoja kivyake na watu wengi, nikiwemo, wameshavisoma kama figo iliyoziba. Yaliungana. Figo ilikuwa na urefu wa sentimeta 11.2, nyama yake ya pembeni imekondeshwa hadi milimita 8 na inang'aa kuliko ini. Nikakimbilia kushoto. Vilevile, pengine zaidi.

Figo mbili zimefurika kwa pamoja. Kizuizi kimoja cha kuziba zote mbili lazima kikae chini, mahali njia zinapokutana. Nikarudi kwenye ile bahari, safari hii bila kuisoma barua.

Ilikuwa na ukuta. Hilo ndilo nililopaswa kulitafuta mwanzo. Ukuta wa milimita 7, wenye mikunjo na vijishimo kama gamba la mti wa zamani, wakati kibofu kilichojaa kwa mtu mzima hakitakiwi kuzidi kama milimita 3. Pembe zote zilikuwa za mviringo. Maji ya tumbo hayana umbo lake mwenyewe. Yanapenya kati ya utumbo na utumbo, yanatengeneza pembe kali, na utumbo unaelea ndani yake ukinyongeanyongea. Huku hakukuwa na utumbo hata mmoja ndani. Ulikuwa umesukumwa juu na pembeni. Na kwenye sakafu ya weusi ule, katikati, nyama ya mviringo ilikuwa imechomoza kuja ndani kama kichwa cha uyoga. Tezi dume, imekua mpaka imeziba njia ya mkojo.

Nilipima: 19 kwa 14 kwa 13, zidisha kwa 0.52. Karibu mililita 1,800. Kipimo hiki hukosea kidogo kibofu kikiwa kikubwa hivi, lakini nani anajali mililita mia pale.

Nikafuta alama ya peni kwa spiriti. Sindano ile ingeingia kwenye kibofu chenye shinikizo, cha mtu ambaye figo zake zimeshachoka. Tena kila kitabu kinasema mgonjwa akojoe kabla ya kutolewa maji tumboni, sababu ni hiyohiyo. Sikumwambia akojoe kwa kuwa niliambiwa mkojo unamtoka. Na furosemaidi yangu ya nusu saa iliyopita? Nilikuwa nimemwongezea mkojo mtu ambaye mlango umefungwa.

Nikarudi kwa mwanawe mkubwa, nikauliza upya, polepole. Mkojo unamtokaje? Ndipo akanivuta pembeni, mbali na baba yake. Tangu mwaka jana mzee analowesha kitanda usiku bila kujua. Alihama chumba cha mama, akaanza kulala peke yake kwenye kibanda cha nje. Alipunguza maji ya kunywa. Nyumbani walidhani ni uzee, na si jambo la kulisema mbele ya wakwe. Mtu mzima aliyekuwa analala pakavu maisha yake yote kisha akaanza kulowesha kitanda uzeeni, huyo kibofu chake kimefurika mpaka kinamwaga chenyewe. Jibu la "mkojo anao" lilikuwa kweli kabisa. Swali langu ndilo lilikuwa bovu.

Sista alijaribu mpira wa mkojo namba 16 ukagoma kwenye tezi. Akabadilisha, namba 18 na jeli ya ganzi ya kutosha, akasubiri dakika tano, ukapita. Mpira mnene kidogo mara nyingi hupita pale mwembamba unapojikunja. Nikashika proba wakati puto la ncha ya mpira linajazwa: duara dogo jeupe likaonekana linavimba ndani ya weusi, hapo unajua uko ndani na si kwenye njia. Zilitoka mililita 1,900 mfululizo. Wapo wanaofunga mpira kila baada ya mililita 500 wakihofia damu. Tulifundishwa hivyo wengi wetu. Tafiti hazijaonyesha kwamba kuufunga kunasaidia, nami niliuacha utoke. Mkojo wa mwisho ulikuwa na wekundu kidogo, ukasafika asubuhi. Na ile bahari ya tumboni? Nilipotazama tena, ilikuwa imekauka yote, utumbo umerudi kwenye nafasi yake.

Maabara ikaleta majibu saa tano usiku. Kreatinini, taka ambayo figo hutakiwa kuitoa kwenye damu, mikromoli 1,180 kwa lita. Urea 46. Potasiamu 6.8. Zote juu mno. Kwikwi sasa ikawa na maana: sumu ya urea. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mawimbi T yamechongoka, dalili kwamba potasiamu imeanza kuugusa moyo. Kalsiamu glukoneti asilimia 10, mililita 10 taratibu, kuulinda moyo. Kisha, kuishusha potasiamu, insulini uniti 10 pamoja na deksitrosi ya asilimia 50, mililita 50, na sukari kupimwa kila nusu saa. Nikapiga simu Dodoma mjini. Hospitali ya Benjamin Mkapa wanasafisha damu, tena wamekuwa wakipandikiza figo tangu 2018, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa lini na si wa wapi. Kwa namba zile, na mapafu yale, kumpeleka usiku uleule kungekuwa sahihi na hakuna ambaye angenilaumu. Hoja ya kusubiri ilikuwa moja: kizuizi kimeondoka na figo zina urefu wa kawaida. Figo iliyokufa zamani inasinyaa. Hizi zilikuwa zimekonda nyama lakini hazijasinyaa, na saa ya kwanza baada ya mpira zilitoa mililita 450. Tukakubaliana: gari la wagonjwa likae na mafuta, dereva alale hospitali, na ikifika saa nane potasiamu haijashuka au oksijeni haijapanda, aondoke.

Saa nane potasiamu ilikuwa 5.7. Oksijeni 93 akiwa bado kwenye mashine. Hakuondoka.

Asubuhi saa moja nilirudia mapafu, mahali palepale nilipopima usiku, kwa sababu kulinganisha kifua cha juu cha jana na mbavu za chini za leo ni kujidanganya. Juu, pande zote mbili, mistari A ilikuwa imerudi. Chini bado mistari B mitatu mitatu. Mshipa mkubwa umeanza kusinyaa kidogo akivuta pumzi. Alikuwa amekojoa lita 3.8 zaidi tangu kibofu kilipomalizika. Nimonia isiyosikia seftriaksoni siku 5 haiponi kwa mpira wa mkojo.

Sasa upande wa pili wa shimo. Mkojo unaozidi mililita 200 kwa saa kwa zaidi ya saa mbili baada ya kizuizi kuondolewa unaweza kumkausha mgonjwa uliyemwokoa. Kijana wetu alitaka kurudisha kila mililita kwa dripu. Ukifanya hivyo unaufukuza mkojo kwa maji unayoyaweka mwenyewe, na hamtamaliza. Lakini huyu alikuja amefurika, kwa hiyo siku ya kwanza tulisimamisha furosemaidi, tukamwacha apungue, tukampima uzito asubuhi na jioni kwenye mzani uleule. Siku ya tatu midomo ikakauka, presha ikashuka hadi 110 kwa 64 na mshipa mkubwa ukawa unasinyaa wote akivuta pumzi. Hapo ndipo tukaanza kurudisha nusu ya mkojo wa saa iliyotangulia, na uji wa ulezi wa binti yake ukafanya kazi iliyobaki.

Figo ya kushoto ilinisumbua. Saa 24 baadaye ya kulia ilikuwa imepungua sana, ya kushoto bado ina glovu yake. Je, kuna kizuizi cha pili, jiwe labda, au kovu la kichocho kwenye mrija? Figo iliyotanuka muda mrefu hubaki imelegea hata njia ikiwa wazi, kama mfuko wa nailoni uliokwisha kuvutwa. Tukafunga mpira kwa muda mfupi hadi kibofu kipate mkojo kidogo, nikawasha rangi na kusubiri nyuma ya kibofu. Baada ya dakika tatu niliona mrusho wa mkojo ukiingia kibofuni kutoka kulia, kisha mmoja kutoka kushoto, mfupi, kama mtu anayetema mate. Njia ipo. Tukaiacha.

Mrusho ule unanikumbusha niliseme hili pia: kukosekana kwa utanuko si hati ya usalama. Mgonjwa aliyekauka maji, au aliyeziba leo asubuhi tu, anaweza kuwa na figo safi kabisa kwenye kioo. Na kama angekuwa mama wa miaka 50 mwenye figo mbili zilizofurika na kibofu kitupu, nisingehangaika na mpira. Ningeshuka moja kwa moja kwenye mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wetu.

Kipimo cha damu cha tezi dume hatukukichukua wodini, maana kibofu kilichofurika na mpira vyote vinapandisha majibu. Aliruhusiwa siku ya nane, kreatinini 340. Asubuhi hiyo nilimkuta ameketi kitandani na wanawe, kwikwi imekwisha, akaniambia amelala pakavu usiku wote, akacheka peke yake kwa sababu wanawe walikuwa hawajui watazame wapi.

Wiki ya sita kreatinini ilikuwa 228 na haielekei kushuka zaidi. Figo ya kulia imetulia, ya kushoto ina utanuko mdogo. Nimemwandikia rufaa kwa daktari wa upasuaji wa mkojo. Anasema atakwenda akishapanda mtama, mvua zikianza mwezi wa 12. Tumebadilisha mpira, nikampa tarehe ya wiki nne, na mwanawe mkubwa nikamfundisha kutazama kama mfuko unajaa.